Sukuma Wiki Yafunga Safari

Jumamosi nilikuwa kwa mama mboga wetu pale Buruburu, nikingoja sukuma wiki yangu ikatwe, alipofika yule Mfilipino aliyeolewa na karani wa reli. Mama mboga hakumuuliza anataka nini. Aliinua nyanya moja.

"Hii?"

"Kamatis," akajibu mgeni.

Mama akashika kitunguu. "Hii naijua. Sibuyas!"

Mgeni akacheka, kisha akaielekezea biringanya midomo, bila kuinua kidole, sawasawa na shangazi zangu wa Kakamega. "Talong."

Nilimuuliza mama mboga maneno hayo atayapeleka wapi, na mteja wa lugha hiyo ni mmoja tu.

"Huyu amejifunza majina yetu yote," akasema, kisu kikiendelea kukata. "Ya kwao atayasikia kwa nani?"

Akanyanyua konzi ya sukuma wiki. "Na hii?"

Mgeni akafikiri. "Kwetu haiko, mama. Haina jina."

Mama akaweka kisu chini.

"Haiko kabisa? Sasa watu wanakula nini?" Akamtazama kwa huruma. "Basi ukienda kuwaona wazazi, beba mbegu. Jina unalo tayari."

Tangu utotoni nimeyaona majina yakitujia kutoka ng'ambo, mengine kwa meli, mengine ndani ya marobota ya mitumba. Hili ndilo la kwanza kuliona likifunga safari kutoka kibandani Buruburu.