Transiva Mbili Nilizozipeleka Matemwe

Bi Raya alinipigia simu Jumatano, alasiri imekwisha kusaliwa, nami nimekaa barazani nikiwangoja wanafunzi wangu wa Kurani. Miaka mingi nilikuwa fundi wa simu, na baada ya kustaafu nimeendelea kuwafungia watu mitandao ya ofisi pale Mwenyezi Mungu anaponipa nguvu. Bi Raya ni mjane wa rafiki yangu. Urithi wake wote, pamoja na wa wanawe kwa idhini yao, aliutia katika hoteli ndogo ya pwani ya Matemwe.

"Maalim, mtandao umekufa kabisa," alisema. "Wale wa kampuni ya kuleta wageni hapo mjini wamenambia kesho alasiri watatuma maombi ya vyumba. Nisipojibu kwa kompyuta, wageni wa msimu mzima wanawapeleka kwengine."

"Kwengine wapi?"

"Kokote, Maalim, muradi si kwangu. Na mie nnalo lipi jengine?"

Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi. Ndiyo sababu ya safari hii.

Kabla ya kukata simu nilimtaka aniambie mambo matatu: rangi ya waya wa fiba, umbali wake, na maandishi yaliyo kwenye transiva alizonazo. Kwa msomaji asiyezijua, fiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Transiva ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwenye swichi, yaani kisanduku cha kugawia mtandao, kimoja kila upande wa uzi. Kazi yake ni kugeuza umeme uwe mwanga, na mwanga uwe umeme. Hoteli ya Bi Raya ina jengo la mapokezi barabarani na jengo la ofisi karibu na bahari, na katikati pana bustani ndefu ambayo waya wa kawaida wa shaba hauwezi kuivuka na ujumbe ukafika salama.

"Waya ni wa rangi ya machungwa," alinijibu. "Na transiva ni zile kali kabisa. Mwenye duka kaniambia zinafika kilomita kumi."

"Bi Raya, mtu amekaa mbele yako, wewe unampigia ukelele wa kufika Pemba?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye hofu. Nikamweleza kwamba waya ule wa rangi ya machungwa kioo chake ni kipana, umetengenezwa kwa safari fupi. Transiva za masafa marefu mwanga wake ni wa namna nyengine na unataka kioo chembamba. Zikilazimishwa, mtandao huja na kuondoka kama homa, na ndivyo ulivyokuwa wake kwa wiki kadhaa mpaka akazichomoa kwa hasira. Jioni ile nilichagua mbili za masafa mafupi, za aina moja na mwanga wa namna moja, na nikahakikisha ni za kabila ambalo swichi zake zitalikubali, maana swichi nyengine hukataa transiva zisizozitambua. Nilizijaribu mezani kwangu, taa zikawaka. Nikalala nimetulia.

Alhamisi, jua limeanza kupanda, tuliondoka na jirani yangu Idrisa kwa gari yake. Nilisoma dua ya safari, naye akaitikia amina huku akipapasa funguo. Tulipofika Amani alipunguza mwendo kuutazama uwanja wa mpira, kama afanyavyo siku zote, ingawa hapakuwa na mtu ndani.

"Maalim," alisema, "wenzio wakienda Matemwe wanarudi na samaki. Wewe unapeleka taa mchana kweupe."

"Taa yenyewe huioni kwa macho."

"Basi ndo umenimaliza. Unapeleka taa isoonekana!"

Huko Mahonda, mashamba ya miwa yalikuwa yamelowa kwa mvua ya usiku. Kinyasini tulisimama tukanywa chai ya tangawizi, na mwenye mgahawa hakukubali tuondoke mpaka Idrisa amalize kumsimulia habari za binamu yao aliyeoa Dole. Mkwajuni tukakata kulia kuelekea pwani, udongo ukabadilika kuwa mawe ya matumbawe, na ndani ya magunia kando ya njia nikaanza kuona mwani uliokaushwa.

Matemwe tulifika mapema. Bi Raya alikuwa amesimama mlangoni, buibui imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka kazini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Twende kwenye kazi, chai nshakunywa."

Nilichomeka transiva ya kwanza katika jengo la mapokezi, kisha tukavuka bustani nikachomeka ya pili katika kijichumba cha mitambo cha jengo la pwani. Nikaitazama taa ya swichi. Haikuwaka.

Nikabadilisha nafasi za nyuzi mbili zilizomo ndani ya waya, ule wa kupelekea na ule wa kupokelea, kwa sababu mara nyingi kosa ni hilo tu: mdomo umeelekezwa kwenye mdomo na sikio kwenye sikio. Haikuwaka. Nikachukua uzi mfupi nilioutoa mjini, nikaiunganisha transiva na nafsi yake, ijisemeze na kujisikia. Taa ikawaka papo hapo. Nikafanya vivyo hivyo upande wa pili, ikawaka pia. Kwa hiyo transiva nzima na swichi nzima. Kilichobaki ni waya uliozikwa chini ya bustani.

"Huenda umekatika," nilimwambia. "Itabidi kuchimba."

Bi Raya alikaa juu ya ngazi. Bustani yote ilikuwa imeshapandwa, na njia yake imeshatiwa mawe. Kuchimba hakungekwisha kwa siku moja, seuze kabla ya alasiri.

"Nimeitafuna mali ya mayatima, Maalim," alisema taratibu.

Hapo adhuhuri ikaadhiniwa. Nilimwambia tusali kwanza, kwa sababu fundi aliyekata tamaa huona mambo nusu tu.

Baada ya sala nilirudi peke yangu kwenye kile kijichumba. Nilipofungua mlango nilipokelewa na moshi mzito wa udi. Bi Mwanakombo, shangazi yake Bi Raya na msimamizi wa nguo za hoteli, alikuwa ametundika mashuka ya wageni kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta, na chetezo kimewekwa sakafuni chini ya kabati la mitambo.

"Funga mlango, Maalim, harufu inatoka!"

"Bi Mwanakombo, hapa ndipo unapofukizia kila siku?"

"Pengine wapi? Chumba hiki ndo hakina dirisha. Shuka likilala humu, mgeni akijifunika anajua yuko Unguja."

Nilimwomba radhi, nikafungua mlango, nikauchomoa uzi wa fiba. Kwa kuwa haifai kabisa kuutazama uzi wenye mwanga ndani, maana mwanga ule hauonekani lakini huumiza jicho, kwanza nilizima swichi za pande zote mbili. Kisha nikauweka chini ya hadubini ndogo ya kukagulia. Penye nukta safi ya kioo palikuwa na utando wa kahawia, kama ule ubakiao chini ya kikombe cha chai.

Nikafahamu. Tangu Bi Raya azichomoe zile transiva kali, ncha za fiba zilikuwa zinaning'inia wazi bila vifuniko, na moshi wa udi una mafuta. Nilizisafisha kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, nikazikausha, nikazitazama tena. Nikasafisha na midomo ya transiva, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimezitia ncha chafu bila ya kuzikagua. Nikasema Bismillahi, nikaziwasha swichi.

Taa ya kijani ikawaka, ikatulia.

Bi Raya alikuja mbio aliposikia naita. Aliitazama taa, akamtazama shangazi yake, akakinyakua chetezo.

"Leo nakitupa baharini hichi!"

"Wacha, mwanangu, kina moto," nilimzuia.

Bi Mwanakombo alikuwa ameshika shuka kifuani. "Kwa hiyo mie ndo nloifunga hoteli? Si mngenambia? Nilijuaje kama mashine ina pua?"

"Haina pua, Bi Mwanakombo. Ina jicho. Udi wako hauna kosa, tuutafutie chumba chake."

Idrisa akajitolea kuhamisha kamba hadi ghala ya nguo, na mimi nikaziba kila tundu lililo tupu kwenye swichi kwa vifuniko vya mpira. Tulikuwa bado tunakula wali na pweza wa nazi ujumbe wa kwanza wa mjini ulipoingia. Bi Raya aliandika jibu kwa vidole viwili, polepole. Simu ikalia. Alisikiliza, akasema "naam" mara nyingi, kisha akaiweka chini na kujifunika uso kwa mtandio.

"Wamepokea," alisema. "Wageni wanakuja kwetu."

Bi Mwanakombo alirudi ghalani, na punde tukasikia anaanza kukunja mashuka.

Chakula kilipokwisha, Idrisa akanirudisha. Tulipofika mjini, Forodhani wauzaji walikuwa wanapanga meza zao za jioni. Nilishuka hapo, nikaingia msikitini kuiwahi magharibi. Safari ile imenifunza kwamba kabla ya kuuliza mashine ina nini, niulize kwanza watu wanaishije ndani ya chumba chake, kwani ningeuliza asubuhi, nisingemtia mjane yule hofu ya kuchimba bustani. Baada ya sala nilisujudu sijida ya shukrani. Nilipoinuka, nguo zangu zilikuwa bado zinanuka udi, na mtu aliyekaa kando yangu akaniuliza harusi ilikuwa ya nani.