Dua Waliyotaka Isiitikiwe

Mwaka 1957, nikiwa na miaka saba, ndipo shida ilipoingia kwetu. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano la mzungu, chini ya Mlima Hanang. Kwetu mzee anaimba dua, watu wanaitikia kila mstari. Isipoitikiwa inamrudia mwenyewe kama laana, yeye na mji wake, watu na mifugo. Mzungu alipiga marufuku: weusi wasiimbe shambani kwake. Siku ya kuanza mavuno baba akaimba. Wenzake walipokiona kiboko wakafyata ulimi, hakuna aliyeitikia. Alichapwa mbele yetu. Ngano haijaisha kuvunwa, tukamzika. Ng'ombe wetu nao wakafa. Shule niliacha darasa la pili, nikachunga mifugo ya watu.

Mwaka jana vijana kutoka Arusha walikuja kwangu, Dongobesh, kutengeneza filamu ya nyimbo kuhusu mashamba yale. Nikakubali kuigiza kama baba, hapo hapo uani kwangu. Aliyeigiza mzungu alikuwa kijana mpole, aliniamkia shikamoo vizuri kuliko wajukuu zangu. Lakini alipovaa kofia na kushika kiboko, nilirudi nyuma hatua mbili.

"Babu, ukiimba, vibarua wanyamaze," akasema binti mwongozaji. "Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa, na baba akafa. Mnataka na mimi?"

"Ni maigizo tu, babu."

"Dua haijui maigizo, binti."

Mke wangu akacheka huko jikoni. "Mzee huyu! Jana si ulituambia hata simba humwogopi?"

Watu wakacheka. Nikaona aibu, nikaimba. Mstari wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Nikatazama paa langu, zizi langu, nikaona vyote vinaondoka. Kiboko kikainuliwa. Nikaimba wa tatu.

Hapo mke wangu akaitikia, ametoka na mwiko mkononi. Majirani waliokuja kushangaa wakaitikia nje ya ua.

"Kata! Mama, umeharibu!"

"Nenda kaharibu mji wako," mke wangu akamjibu. "Huu wangu utaitikiwa."

Na wale vibarua wa kuigiza wakaitikia, nikaimba mpaka mwisho.

Filamu imetoka. Sijaitazama. Sijui kama wamebakiza kile kimya peke yake, wakakata pale tulipoitikiwa.

Leo ninavyo hivi: nyumba ya matofali, shamba la vitunguu saumu, mashine ya kusaga, pikipiki, ng'ombe zizini, na mke yule yule. Vyote vipo. Nimezunguka kuvitazama tena asubuhi hii.