Mahindi Yalifika, Je, Walikula?

Nakumbuka Ijumaa moja asubuhi, mjukuu wangu, nikiwa msichana mwenye sauti kubwa na viatu vya kuazima, nilisimama mbele ya kamati ya akina mama wa parokia yetu hapa Kolwezi nikatangaza kwamba kazi yetu imekwenda vizuri sana. Nilisema watu wote wa stesheni wamepata mahindi. Nilijiona nimekuwa mtu. Nakusimulia haya kwa sababu kesho unapanda pikipiki ya taxi-moto kwenda Manika kufanya tathmini ya kile chama kilichokuajiri, na jana nimekusikia ukijifunza maswali yako kwa sauti. Ni mazuri. Yamepungukiwa na moja tu, nami nitakupa.

Ile ilikuwa miaka mibaya. Kampuni ya migodi ilikuwa inakufa, mishahara haikuja, na badala ya kuwakasirikia waliostahili, mji uliwageukia majirani. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, ambao babu zao waliletwa kufanya kazi mgodini, walifukuzwa majumbani mwao. Walilala stesheni na watoto wao, wakingoja treni ya kwenda Kasai, ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Kati yao alikuwamo Mama Ngalula, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyenisuka nywele tangu utotoni, pamoja na binti yake mdogo, Kapinga. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu kwa ajili ya mji wangu.

Wafadhili walileta mahindi, kamati yetu ikayagawa. Mchana wa Ijumaa ile mgeni wao alikuwa anakuja kuona kama kazi iendelee au isimame. Vitenge vilikuwa vimeshapigwa pasi, na wimbo wa kumpokea tulikuwa tumeshaujaribu. Mwenyekiti wetu, Mama Bernadeta, mwanamke mnene asiyependa makelele, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi:

"Ulibauliza kama balipata. Na kama balikula?"

Akaniambia nirudi stesheni kabla mgeni hajafika.

Nilikwenda nimenuna, kusema kweli. Nilimkuta Mama Ngalula mbele ya mbabula yake, lile jiko letu la makaa, akichemsha mahindi punje nzima. Kapinga alikuwa amelala ubavu, tumbo linamuuma, hataki tena kutafuna. Nikatazama huku na huku. Kila jiko punje, na kando yake gunia limejaa. Bukari, ugali wetu tuliouzoea sote, haikuwapo hata mahali pamoja. Nikamwuliza kwa nini hasagi.

"Mahindi iko, mutoto yangu," akasema. "Lakini mashini iko kule ku soko. Tukipita kule, bale bajeune batatupiga."

Vijana wenye fimbo walikuwa wamekaa kwenye njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga. Hilo kila mtu mjini alilijua, na mimi nililijua. Ila hakuna aliyekuwa amelifikiria siku tunayagawa yale mahindi.

Nilirudi mbio. Wengine kwenye kamati walinisihi ninyamaze mpaka mgeni aondoke, kwani akisikia mahindi hayaliwi atakata msaada, na Kapinga na wenzake watabaki bila hata hizo punje. Hofu yao haikuwa ya kijinga. Lakini mgeni alipofika, Mama Bernadeta alinishika mkono akanisogeza mbele ya mgeni, nikasema:

"Mahindi ilifika, tata. Chakula haiyafika."

Mgeni akaweka chini soda yake. Akauliza, sasa kamati inataka nini, aondoe mahindi? Mama Bernadeta hakunipa nafasi.

"Mahindi utuachie," akasema. "Kusaga ni kazi yetu."

Kesho yake, mwanangu, ungetuona. Akina mama wote wa kamati, pamoja na wale waliotaka ninyamaze, tulibeba mahindi ya stesheni vichwani mwetu, beseni nyuma ya beseni, tukiimba ule ule wimbo tuliomtayarishia mgeni, naye mgeni anatufuata jasho likimtoka. Sisi tulihesabiwa wenyeji, fimbo zile hazikukatwa kwa ajili yetu. Mlangoni kwa mashine kijana mmoja akatuzuia, akauliza mahindi ni ya nani.

"Ni yangu," akasema Mama Bernadeta. "Hauone niko nabeba?"

Nyuma yake, kwenye ule mstari, alikuwapo mama mzazi wa yule kijana, shingo imekakamaa kwa uzito. Akamwambia mwanawe amshushie beseni. Kijana akaitazama fimbo yake, akaiegemeza ukutani, akashusha. Mashine ilinguruma mpaka jioni, nasi tukarudi stesheni weupe kwa unga, tukipiga vigelegele njia nzima. Sijawahi kushangilia vile, hata siku ya harusi yangu, na babu yako analijua hilo.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kuuliza, safari hii bila kutumwa. Mama Ngalula alimega kipande cha bukari, bado cha moto, akaniwekea kiganjani. Kapinga alikuwa anakimbizana na wenzake kando ya reli. Mgeni aliyaona hayo hayo kwa macho yake, na mahindi yakaendelea kuja mpaka treni ilipokuja kuwachukua.

Siku ile ya treni nililia. Kulisha watu si kuwarudishia nyumba zao, na usije ukamwacha mtu akuambie kwamba tulifanya hivyo. Lakini waliondoka wameshiba, na Kapinga alipanda behewa kwa miguu yake mwenyewe.

Basi kesho usiishie mezani kwa kamati, hata wakikuimbia vizuri. Nenda kwa waliopewa, ukae nao, uangalie jikoni mwao. Uliza kile kitu kimewafikia namna gani, na kimewasaidia nini. Ukikuta kasoro, iseme mbele ya mwenye kutoa na mbele ya wenye kazi, halafu uwe wa kwanza kubeba beseni. Na ukishamaliza, rudi tena ukaulize.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kusema uliyoyaona, akulinde njiani, na kila kitakachopita mikononi mwako kifike kinywani mwa mwenye njaa.