Mayai Tisa ya Bata wa Kaoze

Kalamu si kazi yangu. Shule niliiacha darasa la nne, mwaka ambao ng'ombe wa baba walikosa mchungaji, na tangu hapo nimeandika zaidi kwenye magunia kuliko kwenye karatasi. Kwa hiyo ukiona nazunguka, nivumilie. Nazunguka kwa sababu ndivyo nilivyo, na tena jambo lenyewe linanitia aibu. Mtu mwenye aibu haji mlangoni moja kwa moja, hupitia kwanza nyuma ya nyumba.

Jambo lenyewe ni mayai. Mayai tisa ya bata.

Nina mashine ya kutotolesha vifaranga hapa nyumbani Mazwi, kwenye chumba cha uani. Usifikirie mashine ya kiwandani. Ni kabati la zamani la vyombo ambalo fundi alilizibaziba kwa maboksi, akaweka balbu mbili, sahani ya maji, kipimajoto kinachoning'inia kwenye uzi, na kioo kidogo cha kuchungulia. Mayai nayageuza kwa mkono mara tatu kwa siku. Upande mmoja nachora msalaba kwa penseli, upande mwingine duara, nisije nikasahau lipi limegeuka. Umeme ukikatika, na hapa kwetu hauagi, najaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki na kuzipanga ndani.

Kabla ya mashine hii sikujua lolote la kuku zaidi ya kumla. Kuku kwetu ni mambo ya kina mama. Mimi nilikuwa mtu wa jembe, halafu mtu wa baiskeli, nikibeba mkaa mpaka magoti yakakataa. Ndipo nikatafuta kazi ya kukaa. Vifaranga wa kwanza walipoangua, zaidi ya thelathini, kichwa kikavimba. Mtaani wakaanza kuniita Baba Vifaranga, nami nikaitika. Nikawa nawafundisha kufuga wanawake waliofuga tangu hawajang'oa meno ya utoto. Mke wangu alikuwa akinisikiliza huku anapepeta ulezi, haniangalii.

Sasa nifike kwa shemeji.

Huyu ni mjane wa mdogo wangu. Anakaa mtaa wa pili, na tangu mdogo wangu afariki tunataniana kuliko zamani, nadhani kwa sababu tukinyamaza tutalia. Ana kuku wachache, na alikuwa na bata mmoja jike. Bata huyo hakuwa bata tu. Mama yake shemeji alikuwa mtu wa Kaoze, kule bondeni kwenye joto, na shemeji alipoolewa huku juu kwenye baridi, mama alimpa bata wawili ndani ya tenga. Mama alikwisha kufa. Bata nao walizaana, wakaliwa, wakaibiwa, wengine wakafa kwa baridi, mpaka akabaki huyo mmoja. Shemeji alikuwa akisema uzao wa mama yake unajulikana: vifaranga wake huzaliwa wa manjano, na kichwani kama wamevaa kofia nyeusi.

Asubuhi moja mwezi wa sita alikuja na kitenge amekikumbatia kifuani.

"Hodi, shemeji! Shikamoo. Mbwa wameniua."

"Marahaba. Mbona unatembea?"

"Usinitanie leo. Wamemkamata bata wangu kwenye kiota. Amelalia wiki nzima. Haya hapa, bado yana joto. Niokolee mbegu ya mama yangu."

Dume la jirani ndilo lililompanda, akaeleza, hivyo mayai ni mazima, aliyamulika kwa tochi akaona mishipa. Nilikuwa naandaa kuingiza mayai ya kuku siku hiyohiyo. Nikayapanga yale tisa pembeni, meupe na makubwa.

"Shemeji, bata si kuku," akasema. "Bata hukaa siku thelathini na tano. Toa wiki moja ya mama yao, bado ishirini na nane."

Nikacheka. Naomba uelewe kwamba nilicheka.

"Hiyo ni hesabu ya bata, shemeji. Bata anaamka kwenda kunywa maji, anazurura, mayai yanapoa. Mashine haizururi. Humu ndani kazi inakwenda haraka."

Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Neno hilo nililitoa kichwani mwangu pale pale, na lilivyotoka lilikuwa zuri, nikaliamini na mimi. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akasema, "Mwenzio amefuga bata tangu msichana." Nikamwambia aangalie chungu chake kisiungue.

Siku ya ishirini na moja vifaranga wa kuku wakaangua, kelele tupu. Mke wangu alikuwa shambani anavuna maharage, analala hukohuko kibandani. Mayai ya bata kimya. Siku ya ishirini na mbili, kimya. Nikayamulika kwa tochi, nikaona ni meusi ndani, mwanga haupiti. Kwa akili yangu, yai jeusi lisiloangua limeoza. Sikufikiri kwamba linakuwa jeusi kwa sababu limejaa mtoto.

Na kulikuwa na jambo jingine, nalisema ili lisinisumbue tena. Mwenye duka mmoja wa kule sokoni alikuwa ameleta mayai ya kuku wake wakubwa wa kisasa. Nilitaka sana anisifu. Mtu kama yule akikusifu, mji mzima unasikia. Nafasi ilikuwa ndogo. Jioni ile nikayatoa yale tisa, nikayaweka kwenye ungo barazani, nikaingiza ya mwenye duka.

Wewe unayeijua baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba sihitaji kukueleza. Usiyeijua, jua tu kwamba asubuhi nyasi huwa nyeupe, na upepo unaopita uwandani hauna mti wa kuuzuia.

Asubuhi nikachukua lile la kwanza nilipasue, nione limeoza kiasi gani kabla ya kuyatupa. Nililigonga kwenye ukingo wa ndoo. Hakukuwa na harufu. Ndani alikuwa amejikunja kifaranga wa manjano, manyoya yake yameloa, na kichwani ana kofia nyeusi. Mguu mmoja ukanyooka polepole, kama mtu anayejinyoosha kitandani. Mara moja tu. Halafu basi.

Nikakimbia, kwa magoti haya, nikayafunga manane yaliyobaki kwenye sweta la mke wangu pamoja na chupa za maji ya moto, nikayaingiza kitandani. Nilikaa nayo siku tatu. Nilikuwa nayaweka sikioni. Mzee mzima nimeegemeza sikio kwenye yai, nasema, "Haya, haya." Siku ya tatu yakaanza kunuka kweli.

Sisi Wafipa nyasi hatuzichomi, tunazifukia kwenye matuta ya duara, ntumba, zioze ziwe mbolea. Nyuma ya nyumba nina matuta machache. Nikachimba moja nikawafukia humo wote tisa. Nilipokuwa nasawazisha udongo nilihesabu kwa vidole, maana sasa nilikuwa tayari kuhesabu. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Mke wangu aliporudi akakuta sweta lake linanuka. Nikamweleza. Hakugomba. Akasema, "Nenda ukamwambie." Nikasema nitakwenda. Nikaenda, ndiyo, lakini nilipofika nikasema jingine.

"Shemeji, yalikuwa mayai viza. Yote."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi ni Mungu. Pole na kazi."

Siku ya pili akanitumia kapu la ulezi, ulezi mwekundu mzuri, shukrani ya kuhangaika na mayai yake. Kapu likakaa pembeni ya meko. Mke wangu hakuligusa, wala hakuliondoa. Akipika ugali anachota kwenye debe letu, analiruka lile kapu kama linavyorukwa shimo. Mimi nilikuwa nakula huku nimeligeuzia mgongo.

Ningeweza kukaa hivyo mpaka kufa, nasema ukweli. Kilichonitoa ni jumuiya. Tulikutana kusali nyumbani kwa jirani mmoja, na baada ya sala, watu wakinywa chai, jamaa mmoja mwenye mdomo akasema, "Baba Vifaranga, nasikia mashine yako sasa inachemsha. Mtu akileta mayai alete na chumvi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ili aibu yangu isionekane. Shemeji hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Muacheni mzee wa watu. Kosa si la mashine. Mayai yangu ndiyo yalikuwa mabovu. Ule uzao wa mama ulikwisha kuchoka. Hata tochi ilinidanganya. Bora hata mbwa walimaliza."

Yaani alichukua lawama yangu akaibebesha mbegu ya mama yake, marehemu, mbele ya watu, ili mimi ninywe chai yangu kwa amani. Nilijua kabisa mbegu ile haikuchoka. Niliiona ikinyoosha mguu.

Kesho yake nikabeba lile kapu la ulezi, nikaenda. Alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Karibu, shemeji. Kapu la nini tena? Au ulezi wangu nao ni viza?"

Utani wake ukanivunja nguvu. Nikakaa chini kabisa, si kwenye kigoda. Nikamwambia yote: kucheka kwangu, mwenye duka, ungo, baraza, baridi. Aliendelea kupukuchua. Nilipofika kwenye lile yai nililolipasua, mikono yake ikasimama.

"Alikuwa na rangi gani?"

"Manjano."

"Na kichwani?"

Nikashika kichwa changu mwenyewe kwa kiganja, hivi, kama mtu anayevaa kofia.

Akafunika uso kwa kanga. Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akasema, si kwangu, "Kumbe walikuwa wazima." Alirudia mara mbili. Nikaona kwamba katika msiba ule kulikuwa na kitu nilichomrudishia, na kwamba nilikuwa nimemnyima kitu hicho kwa wiki tano.

Halafu akasimama, akachukua kapu, akaingia ndani akamimina ulezi kwenye ghala lake. Niseme ukweli, nilitegemea angekataa. Nilitegemea aseme, "Aa, shemeji, kaa nao tu." Hakusema. Akanirudishia kapu tupu, akalikung'uta kwanza.

"Mama aligawa bata kwa watu wengi kule Kaoze. Utakwenda wewe kuwatafuta."

"Na magoti haya?"

"Magoti yalipokuwa yanacheka mbona hayakuuma?"

Nikashuka bondeni. Nilizunguka Kaoze siku mbili, nabisha hodi, nauliza bata wenye vifaranga wa kofia nyeusi, watu wananitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Kila nyumba ilibidi nieleze ninatafuta nini na kwa nini, na kila nilipoeleza aibu ilikuwa ileile, haikupungua kwa kuzoea. Bibi mmoja aliyemjua marehemu akanicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa mayai matano. Nilirudi nimeyapakata ndani ya kapu, kwenye pumba za mpunga, sikumruhusu mtu kunishikia.

Shemeji hakuyaleta kwenye mashine. Sikuthubutu hata kuitaja. Aliyaweka chini ya kuku wake mwekundu anayelalia.

Sasa kila Jumapili baada ya misa napita kwake. Siulizi. Yeye ndiye anayenitajia siku: ya nane, ya kumi na tano, ya ishirini na mbili. Anataja polepole, ananiangalia usoni, nami naitikia kama mtoto anayesomeshwa. Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya ishirini na tisa, siku ileile niliyowatoa wale wengine nikawaweka barazani. Tulisimama sote wawili mbele ya kiota. Kuku mwekundu alitukodolea macho, akajikunyata juu ya mayai.

Siku hiyo shemeji hakutaja hesabu. Alirudishia tu gunia mlangoni pa kiota, upepo usiingie.

"Bado, shemeji," akasema.

"Bado," nikasema.