Tano za Baba, Tatu Zangu

Vumbi la mti wa mulombwa lina harufu iliyo kati ya pilipili na udongo uliolowa, na wekundu wake huganda kwenye kope. Kila Jumamosi harufu hiyo ilijaa uani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi mjini Élisabethville, kwa sababu baba, seremala wa kampuni, siku hiyo alifanya kazi zake mwenyewe. Mita ya chuma aliiacha kazini. "Mita iko ya kazi," alisema, "mukono iko ya nyumba." Vitu vya nyumbani alivipima kwa shibiri, kiganja kikijikunja na kujinyoosha juu ya ubao kama kiwavi. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na kiangazi kile dada yangu Godelive alikuwa anaolewa.

Wiki moja ya kiangazi hicho mtawa aliyetufundisha kuchora alitueleza juu ya umbo linalopendwa na macho yote: mstatili ambao ukiukata mraba mmoja, kinachobaki ni mstatili wa umbo lilelile, mdogo tu. Aliuita uwiano wa dhahabu. Kwa watoto, alisema, tano kwa tatu inakaribia. Nikamuuliza ni macho ya nani yaliyoulizwa. Akacheka, akaniambia nikapime. Nilipima madirisha ya kanisa, kitenge cha mama, hata matofali. Machache yalikaribia, mengi hayakukaribia kabisa. Basi nikatamani kuliona umbo lenyewe likizaliwa, na Jumamosi pale uani palikuwa na meza ya harusi ya Godelive: mbao za mulombwa zilizoletwa na lori kutoka Lukafu juu ya magunia ya mahindi, zimeshaunganishwa, zinangoja msumeno. Hatukuwa na nyingine, na wakwe walikuwa wanakuja kesho yake.

Baba alitaka nne kwa nne, kama meza zote za kambi. Nikamsumbua asubuhi nzima. "Weye mutoto, uko na maulizo kuliko tribinali," alisema, akinilinganisha na mahakama, kisha akakubali. Akapima urefu, shibiri tano, akakata. Halafu akaenda kupuliza moto chini ya kopo la gundi, akaniachia chaki: "Weka tatu." Nikaweka tatu, kwa mkono wangu mdogo. Baba akauamini mstari. Kipande kilipoanguka na kupasuka kwenye fundo, ndipo sote wawili tulipoona kosa ambalo mtu wa mita asingelifanya: meza ilikuwa nyembamba kama benchi. Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Godelive alitoka jikoni, akatazama, akarudi ndani.

Jumapili shangazi wa bwana harusi aliizunguka mara mbili. "Ee, bantu ba seremala! Hii iko meza ao mulango?" Ua mzima ukacheka. Nikasubiri baba aninyooshee kidole.

"Nilipima vile," alisema. "Nyumba ya kambi iko ndogo. Bantu bakaribiane."

Godelive alinitazama kwanza, kisha akamjibu shangazi: "Na bwana akitaka kukimbia chakula yangu, magoti yangu itamukamata!" Kicheko kikageuka upande wetu.

Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu. Uwiano ule ni wa kweli katika hesabu, na ukihesabu mistari inayozunguka nanasi utaikuta minane upande mmoja na kumi na mitatu upande mwingine, hesabu zinazoukaribia. Lakini kwamba macho yote yanaupenda, bado sijaona aliyethibitisha. Meza ya Godelive ina urefu mara mbili na nusu ya upana wake, mbali kabisa na dhahabu, na hakuna mgeni anayeketi pale bila kuipapasa na kuisifu. Kwa nini, sijui.

Mwezi uliopita niliipima kwa shibiri yangu ya sasa. Urefu, sita. Upana, mbili na kitu. Baba amekwisha kufariki, na ule mkono wa miaka tisa nao haupo popote. Ni juu ya meza ile tu ambapo mikono hiyo miwili bado ni tano kwa tatu.