Udongo Uliokimbiwa na Mchwa

Harufu hunirudisha kijijini kwetu Mofu kabla sijajiandaa. Mwezi uliopita, nikiwa maabara, nilifungua mfuko wa udongo niliouchota sakafuni nyumbani kwa ajili ya mazoezi ya chuo tu. Nikaudondoshea maji, na papo hapo nikawa na miaka tisa, miguu peku, beseni kichwani.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na tanuri la fundi aliyeyeyusha betri kuukuu za magari, akawamiminia wavuvi vipande vya madini ya risasi vya kuzamishia nyavu. Asubuhi moshi wake wa buluu ulilala juu ya mpunga kama usingizi usiotaka kuisha, na risasi ilitetemeka kikaangoni, laini kama jicho la samaki. Betri zilipoadimika, fundi alihama. Paa likaanguka, mvua ikayatawanya majivu, na pale hapakuota tena hata jani.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba hata mchwa hawakufika pale. Kwetu walikuwa wameshakula mkeka, fremu ya mlango, na nusu ya picha ya Bikira Maria. Nikamwambia Mama. Tukausomba udongo wa pale, beseni kwa beseni, tukasiriba sakafu yote.

"Mwenzangu, pametakata kuliko sakristia ya kanisa!" jirani yetu Mama Beno alitania. "Padri atahamia hapa."

"Mgunduzi ni huyu," Mama akajibu, na mimi nikatembea wiki nzima kama niliyevikwa taji.

Mdogo wangu Skola alikuwa anatambaa. Alishinda juu ya sakafu ile baridi, akilamba vidole. Alichelewa kusema, na hadi leo, akiwa msichana mkubwa, hesabu za darasa la pili humponyoka.

Majibu ya maabara yalionyesha risasi nyingi mno, sumu inayodumaza ubongo wa watoto. Siwezi kuthibitisha kwamba ndiyo iliyomchelewesha Skola. Watoto huchelewa kwa sababu nyingi, na nimezipitia zote, moja moja, bila kupata nafuu. Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama, nikisisitiza kwamba wazo lilikuwa langu.

Alikuwa akichagua mchele. Mkono ukasimama.

"Wewe ulibeba beseni, mwanangu. Aliyemlaza mtoto chini ni mimi."

Kesho yake tulimpeleka Skola kwa shangazi yetu kule Idete, tukailowesha sakafu ili vumbi lisiruke, tukaanza kuibomoa. Utotoni nilidhani Mama akikubali wazo langu, linabaki kuwa langu. Kumbe tangu siku ile alipolikubali, alikuwa ameshalibeba yeye.