Ukifaulu, Utaenda

Darasa la nne ndilo la mwisho nililokalia. Nasema mapema ili mtu asije akanishtukia mbele. Nilikuja nchi hii kuendesha gari la bwana mmoja wa ubalozi. Bwana akarudi kwao, mimi nikabaki, nikaosha mazulia ya watu kwa mashine ya kukodi, kisha kwa mashine yangu, kisha kwa mashine tatu na gari lenye nambari yangu ya simu ubavuni. Nyumba ya Takoma Park, ile yenye veranda inayolia ukiikanyaga, niliipata kwa uchafu wa mazulia ya watu, na sioni haya. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna swali nisiloliweza kwa sababu sikusoma, mimi humwambia alilete.

Binti yangu alilileta.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Alikuwa amemaliza chuo, anapokea simu katika ofisi moja mjini, na anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Jioni, vyombo vikishaondolewa, alikaa meza ya jikoni na kitabu cha mazoezi kinene kama tofali. Kazi yangu ilikuwa kushika saa. Dakika thelathini na tano zikiisha nasema, "Kalamu chini!" halafu nafungua majibu kule nyuma na kutia alama. Herufi A mpaka E hata mtu wa darasa la nne anazimudu.

Siku hiyo swali lilikuwa la mwokaji mikate. Mwokaji akiwa dukani, taa ya dirishani huwaka. Leo mwokaji hayupo dukani. Je, taa inawaka au haiwaki?

Binti alichagua kwamba haiwaki. Nami nilikuwa nimeshajibu hivyo hivyo moyoni. Nyuma ya kitabu pameandikwa herufi E: haiwezi kujulikana.

"Haijulikani?" nikasema. "Mtu mzima anakaa chini, anatunga swali, anachapisha kitabu, na jibu lake ni haijulikani?"

"Baba, labda mke wake yuko dukani. Labda aliisahau taa."

"Mwokaji gani huyo anaondoka na taa inawaka?"

"Mwokaji ambaye si wewe," akasema, akacheka.

Nilimwekea mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, kwenye hilo swali, hata hivyo. Kitabu ni kitabu.

Sasa niseme habari ya ahadi, maana ndiyo iliyoharibu mambo. Mama yangu alikuwa nyumbani Taita, juu kidogo ya Wundanyi. Ndiye aliyemlea binti huyu mpaka akafika miaka saba, wakati mimi na mke wangu tunahangaika huku kutafuta pa kulaza kichwa. Binti ana jina la mama yangu, na mimi humwita Mama, kama ilivyo kwetu. Kila Jumamosi ya pili, asubuhi kwetu na alasiri kwao, mama aliteremka hadi kwa mwenye duka aliyekuwa na simu, akakaa kwenye kiti karibu na magunia, nami nikapiga kwa kadi ya kukwangua.

Mwezi wa tatu aliniambia, "Daktari wa Voi anasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki kinaondoka polepole. Nataka nimwone huyo mtoto kabla hakijaisha."

Nilipowaambia mezani, binti akasema papo hapo, "Basi naenda."

"Mtihani je? Ni mwezi wa sita."

"Nitasomea huko huko."

Namjua mama yangu na namjua mtoto wangu. Wangekaa jikoni kule wakipiga soga mpaka kitabu kiote ukungu. Nikapiga meza kwa kiganja. "Ukifaulu, utaenda. Tiketi nitakata mimi. Neno langu ni moja."

Nilidhani nampa nguvu.

Aliendelea kukosa maswali ya namna ile ya mwokaji. Mengine alikuwa hodari, ya kupanga watu kwenye viti na ya kusoma habari ndefu, lakini hayo ya "kama hivi, basi vile" yalimwangusha kila jioni, na mimi sikuwa na la kumsaidia, kwa kuwa nilikuwa nakosa pamoja naye. Kisha nikaenda kazini mji wa Bowie. Katika simu nilikuwa nimemwuliza mwenye nyumba kama wana mbwa. Mbwa akikojoa, zulia hunuka, nami hubeba dawa ya harufu. Akasema hawana mbwa. Nikaacha dawa nyumbani. Tulipolilowesha zulia la sebule, harufu ikapanda mpaka kijana wangu wa kazi akatoka nje. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja chini ya zulia tangu kiangazi kilichopita. Yule mwenye nyumba akanitukana mbele ya mfanyakazi wangu, nami niko na brashi mkononi, sina dawa.

Nilirudi nyumbani mbio kama niliyeokota dhahabu. "Mama, nimempata mwokaji wako! Mbwa akiwapo, zulia hunuka. Mbwa hayupo. Zulia?"

Akafikiri. "Haijulikani."

"Haijulikani kabisa! Kunaweza kuwa na kiyoyozi."

Tukagongana viganja. Wiki ile alipata yote. Nilijiona profesa. Niliwasimulia hata wazee wa kanisani, wakaniangalia tu.

Lakini siku ya mtihani si siku ya jikoni. Mwezi wa saba bahasha ikaja, akaifungulia kwenye veranda, na mbao hazikulia kwa muda mrefu, ndiyo nikajua hajasogea hata hatua moja. Alama hazikufika. Akaingia, akaiweka barua mezani, akapanda juu. Kisha nikamwona anashuka na sanduku la buluu alilokuwa amelifunga kwa safari. Lilikuwa chini ya kitanda chake tangu mwezi wa tatu, na ndani mlikuwa na kanga mbili na sweta la kumpelekea nyanya yake. Alilipeleka chumba cha chini kabisa, penye mashine ya kufulia. Hakuniuliza neno.

Nami nikangoja aombe. Kwa nini nilingoja aombe, hata leo sijui kulieleza vizuri. Zikapita siku tisa.

Siku ya kumi nikachukua kile kitabu nikahesabu mikasi yangu myekundu. Karibu yote ilikuwa mahali pamoja, kwa mwokaji na ndugu zake. Nikamwonyesha mke wangu, aliyekuwa anavaa viatu vyeupe kwenda zamu yake ya kulea wazee.

"Mtoto ana akili namna hii," nikasema, "huu ugonjwa mmoja ameupata wapi?"

"Kwako."

"Kwangu?"

"Wewe humwambia, 'Ukimaliza chakula, utatazama televisheni.' 'Ukirudi mapema, utaenda kwa rafiki zako.' Nani katika nyumba hii aliwahi kuacha chakula akatazama televisheni? Mtoto amekaa hapa miaka kumi na tano, kila 'kama' anayoisikia ina kufuli upande wa pili. Halafu mnampa kitabu kinamwambia kufuli haipo. Mzee, hata mimi ningefeli." Akafunga kamba. "Na mama yako anazidi kupofuka. Sema naye."

Nilimkuta kwenye ngazi za veranda. Sasa hapa ndipo niliposema jambo la kijinga, na nilikuwa nimelipanga vizuri. Sikutaka kulivunja neno langu. Nilitaka kupita pembeni yake.

"Mama," nikasema, "mimi nilisema ukifaulu, utaenda. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Nilisema lolote juu ya usipofaulu?"

Akageuka akaniangalia.

"Sikusema," nikaendelea. "Tazama kitabu chako. Mwokaji hayupo, taa haijulikani. Kwa hiyo hakuna kinachokuzuia. Nenda. Kesho nakata tiketi."

Alinijibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo akikasirika, na Kiingereza chake huwa taratibu sana ili nisikose hata neno. Alisema, "Hiyo ni kweli kwenye kitabu. Lakini wewe ulipopiga meza, ulimaanisha nisipofaulu siendi. Mimi nilikuwepo."

"Sasa nasema nenda."

"Unasema kwa sababu umenihurumia. Ungesema tu ulikosea, ningeenda leo." Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Narudia mwezi wa kumi. Nikifaulu, nitaenda."

Ilikuwa sauti yangu. Hata kiganja alikiweka juu ya ubao kama mimi.

Neno moja tu lilitakiwa. Nilikosea. Nimewahi kulisema kwa wateja mara ngapi, kwa zulia la mtu tu! Badala yake nikasema mvua inakuja, nikaingia ndani.

Jumamosi ya simu ikafika. Nilisikia mwenye duka anamwelekeza mama, "Kiti kiko hapa, bibi, nyuma yako." Zamani hakuwa akielekezwa.

"Anakuja lini?" mama akauliza kabla ya salamu.

"Akifaulu mtihani, mama."

"Na asipofaulu?"

Nilikuwa nimesimama jikoni na waya wa simu umenizunguka mkono. Binti alikuwa mezani, kitabu kiko wazi, penseli imesimama.

"Haijulikani," nikasema.

"Haijulikani?" Sauti yake ilikuwa ile ile yangu ya siku ya mwokaji. "Wewe si ndiye baba yake? Nani mwingine ajue?"

Yule mwanamke wa kwenye kadi, sauti ya mashine, akaingia katikati kutuambia imebaki dakika moja. Mama hajui Kiingereza, akadhani ni mtu wa nyumbani kwangu, akamsalimia. Kisha simu ikakatika.

Alirudia mwezi wa kumi, akafaulu, tena kwa alama nzuri. Mwezi wa kumi na mbili nilimpeleka uwanja wa ndege na sanduku lile la buluu. Leo ni wakili, na watu wa kanisani hunipa mkono na kunisifu kwamba nilikuwa mkali, ndiyo maana mtoto akafika. Ukali ulikuwepo, na mtoto alifika, hilo ni kweli. Siwaelezi zaidi.

Aliporudi, mwezi wa kwanza, theluji imejaa barabara yote mpaka uwanjani, nilimngoja aingie garini na afunge mkanda. Nilikuwa nimelibeba swali moja kwa wiki nne.

"Nyanya alikuona?"

Akatazama mbele. "Alinishika uso. Akashika sweta. Akasema, 'Mwambie baba yako nimemwona.'"

"Nauliza kama alikuona."

"Alisema ameniona, Baba."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Nikawasha gari. Njia nzima mpaka Takoma nilikuwa nalipindua lile neno la mama huku na huku. Mtu anayeona husema ameona. Amesema ameona. Basi? Na nilijua vizuri kabisa, bila kushika saa na bila kufungua nyuma ya kitabu, jibu lake ni herufi gani.